Kamshafti ya Mtani Wangu

Jumatatu, 5 Agosti

Uji tena. Skola ametia maziwa yaliyoanza kuganda, akadhani baba yake hana tena ulimi. Nimekunywa nusu. Nusu nimewamwagia kuku dirishani. Vidonge: cheupe, cha njano, na kile kikubwa kinachokwama kooni. Miguu imevimba kuliko jana. Nikibonyeza kwa kidole, shimo linabaki.

Daktari anasema moyo umechoka. Alitaka kunichorea. Nikamwambia nimefundisha injini maisha yangu yote, pampu iliyochoka naijua.

Salumu amekuja kabla ya adhuhuri. Hajawahi kuitwa mtu huyu, hufika tu. Alisimama mlangoni na kopo la samli kwapani.

"Pagazi, hujafa tu?"

"Nasubiri utangulie, ukanipigie ngoma huko."

Skola akacheka jikoni. Wote hucheka. Mimi Mnyamwezi, yeye Mzaramo wa mtaa wa Ng'ambo, kizazi cha nne hapa Tabora. Babu zake walikuja kwa njia ya misafara, babu zangu ndio waliobeba mizigo ya njia hiyo. Basi ni watani. Tunatukanana, tunanyang'anyana kofia, na ni mwiko kukasirika. Mji mzima unatupenda kwa hilo. Wakituona pamoja wanasogea karibu.

Ndani ya kopo, kamshafti tatu zimeviringishwa katika kipande cha kanga kilicholowa oili. Ni za pikipiki ya marehemu baba yake, ile ya Kiingereza, silinda moja, iliyolala bandani miaka yote. Mjukuu wake anaoa Kaliua, Jumapili ya tarehe kumi na nane. Baba yake Salumu alikwenda kuoa Kaliua juu ya pikipiki hiyo hiyo. Sasa anataka iongoze msafara wa harusi. Amefungua injini akakuta kamshafti yake imekatika vipande viwili. Hizi tatu amezichimba kwa muuza vyuma chakavu. Salumu ni fundi, anajua kufungua na kufunga. Lakini ipi ni ipi, hilo hajui. Hilo kwa mji huu najua mimi.

Nilimwambia aziache.

"Usizile tu," akasema. "Nawajua nyie."

Namchukia. Sina pengine pa kuliandika neno hili. Namchukia Salumu, na hakuna mtu duniani anayejua.

Jumanne, 6 Agosti

Vernia, kipimo changu cha chuma, ilikuwa chini ya sanduku la nguo, ndani ya soksi. Haijapata kutu. Mikono yangu ndiyo imepata. Niliegemeza viwiko magotini mpaka kutetemeka kukapungua.

Kamshafti ni mhimili mfupi wenye nundu. Ukizunguka, nundu inasukuma fimbo, fimbo inafungua valvu. Kazi yote ya injini imefichwa katika umbo la nundu hizo. Namba hugongwa mwishoni mwa mhimili, na ukiipata namba huhitaji akili. Ya kwanza namba imeliwa na kutu, imebaki herufi moja. Ya pili mtu aliisaga namba kwa tupa, sijui alikuwa anaficha nini. Ya tatu namba ipo nzima, lakini nundu zimelika hadi zimekuwa bapa. Hiyo ni ya kutupa.

Zilizobaki mbili unapima. Kwanza upana wa duara, pale pasipo na nundu. Kisha kimo, toka kisigino mpaka ncha. Tofauti yake ndiyo kiasi cha kuinuka kwa valvu. Halafu unarudia, kwa sababu mara ya kwanza macho huona yanachotaka.

Ya kwanza nundu yake ni fupi na pana, kama mgongo wa kobe. Ya pikipiki za kazi. Za jeshi, za posta, za mapadri wa vijijini. Inavuta toka chini, haina haraka. Ni ndugu mmoja na ile iliyokatika. Ndiyo sahihi.

Ya pili imechongoka. Ya mashindano. Inainua valvu juu sana na kuichelewesha kufunga. Inataka pistoni yenye vikato kichwani vya kuipisha valvu, na springi ngumu. Pistoni ya Salumu haina vikato. Springi zake zimechoka kama mimi. Injini hiyo itawaka, itanguruma vizuri hata. Ukienda polepole, valvu inaikosa pistoni kwa unene wa karatasi. Ukifungulia, springi hazitaiwahi. Pistoni itaigonga valvu, kichwa cha valvu kitakatika na kuangukia ndani, injini itagoma palepale na gurudumu la nyuma litafunga.

Niliwafundisha vijana jambo hili kwa chaki za rangi. Nyekundu ilikuwa ya valvu.

Nimezifuta zote, nimezirudisha koponi. Nimechoka kama niliyelima.

Alhamisi, 8 Agosti

Nane Nane. Vipaza sauti tangu asubuhi. Vumbi. Wanangu wengine wawili wamepiga simu kuuliza kama nimekula, wakakata kabla sijajibu vizuri. Skola amechemsha matobolwa, vile viazi vitamu vilivyokaushwa, sina meno ya matobolwa.

Niandike la Perpetua, niache kulizunguka.

Mke wangu alikufa kwa kifua. Mwaka wake wa mwisho alitembea mkono mmoja kiunoni, akisimama kila baada ya nyumba mbili kupata pumzi. Kikohozi chake kilikuwa na mapigo matatu, mawili mafupi na moja refu, kisha aliomba radhi kwa aliyekuwa karibu. Hata kama karibu hapakuwa na mtu.

Siku ya mazishi jeneza lilikuwa uani. Salumu akatoka chumbani kwetu amevaa kitenge cha marehemu na miwani yake. Mkono kiunoni. Akatembea, akasimama, akakohoa. Mawili mafupi, moja refu. "Samahani jamani." Akalala mbele ya jeneza, akasema haendi popote hajala. Ndivyo watani wafanyavyo msibani, na ndiyo kazi yao. Wanawake waliokuwa wanalia walicheka wakashikana. Padri alicheka. Mimi nilicheka. Nikampa haki yake ya mtani, akaamka, nikampa na mkono. Mtu anayemkasirikia mtani msibani huchekwa mpaka naye azikwe.

Tangu siku ile nikifumba macho nimtafute mke wangu, anakuja Salumu. Kitenge kile, miwani ile, na ndevu. Kikohozi ninachokisikia ni cha Salumu. Cha Perpetua sikipati tena.

Kifo kiliniibia mke mara ya kwanza, Salumu mara ya pili, na watu walimpigia makofi.

Ijumaa, 9 Agosti

Amekuja baada ya swala, amevaa kanzu, amepaka manukato ya kutosha watu wanne.

"Ipi, Pagazi?"

"Ya pili. Hiyo iliyosagwa namba."

Akaigeuza kwenye mwanga. Si mjinga. Nimesema ni fundi.

"Mbona imechongoka hivi? Ile ya mzee ilikuwa kama kobe."

"Ya mzee ililika. Utalinganishaje meno yako na ya kibogoyo?"

Akacheka akashika ukuta. Halafu akauliza kama aweke donge la unga juu ya pistoni kabla ya kufunga. Ni kipimo cha mafundi wa zamani. Unaweka donge, unazungusha injini kwa mkono, unafungua, unaangalia valvu imelibonyeza kiasi gani. Donge likibaki nene, uko salama. Likibaki kama ngozi ya kitunguu, umejua. Lile donge lingemwambia kila kitu.

Nikamwambia: "Weka, kama Wazaramo siku hizi mmeishiwa mnakula chapati za oili."

Akacheka mpaka machozi. Akasema nikifa atanikosa. Akaondoka na kopo.

Nilimdanganya kwa utani. Ndio mlango pekee ambao kwake hauna kitasa.

Jumapili, 11 Agosti

Misa kwa redio. Kwaya ilikuwa mbaya.

Siku nzima nimemwona Salumu, njiani mbele ya Urambo, kanzu mpya, pikipiki imezima, magari ya harusi yamepanga foleni nyuma yake. Anasukuma. Jasho. Wakwe wa Kaliua wanatazama. Mji unapata kicheko kipya na safari hii si mimi.

Nimekula ugali wote. Skola akashangaa.

Naandika "imezima". Nisome vizuri nilichoandika Jumanne. Nililijua neno lingine, "itafunga", nikachagua hili.

Jumanne, 13 Agosti

Nimeisikia kabla ya kuiona. Nyumba yangu iko kando ya barabara ya Urambo, kila kinachotoka mjini kuelekea magharibi kinapita mlangoni. Ilikuja ikinguruma kama ya vijana wa mashindano. Bodaboda walisimama wakapiga honi. Salumu alikuwa nyuma, amebebwa na fundi mwenziwe. Kofia imerudi kisogoni. Alinipungia kama rais.

Nilisikiliza kwa jicho moja limefumba. Ikitulia inajikwaa. Inapumua, inakosa, inapumua. Ikipewa mafuta inapata sauti. Ni kamshafti ya pili, hakuna shaka. Mtu yeyote aliyenisikiliza darasani angeijua.

Hakuna aliyenisikiliza darasani.

Jumatano, 14 Agosti

Kliniki. Mwanaidi amenipeleka kwa bajaji yake kama kawaida. Mwanaidi ni binti wa Salumu, mama wa bwana harusi, mjane, dereva wa bajaji tangu bodaboda walipokuwa wanamzomea. Alipokuwa mdogo alikuwa anakuja na baba yake, wakati sisi wawili tunatukanana yeye anakaa chini na vernia yangu, anapima kila kitu. Vijiti, vidole, masikio ya paka. Katika nyumba ile ni yeye tu ambaye sijawahi kumtakia baya.

Vipimo vibaya. Daktari alisema "tuendelee kuangalia", maana yake anajua na mimi najua.

Wakati wa kurudi Mwanaidi alikuwa anapiga soga, kichwa amekigeuza nyuma kama barabara ni yake.

"Mwalimu, Jumapili nitapita hapa kwako. Utoke unione."

Nikauliza nimwone juu ya nini.

"Pikipiki si naendesha mimi? Baba goti limekataa, kupiga kick aiwashe hawezi. Nambeba mwanangu nyuma mpaka kwa mkwe wake. Bwana harusi anabebwa na mama yake, umewahi kuona? Nikivuka Urambo pale lami imenyooka, naifungulia mpaka wakwe zetu wasikie toka Kaliua."

Zamani njia ile ilikuwa mchanga. Mchanga ungewaokoa, mchanga haumruhusu mtu kukimbia. Sasa ni lami.

Alinishika mkono kushuka. Akanifunga kamba ya kiatu. Akaniambia nimepungua.

Sikusema. Kinywa nilikuwa nacho, na yeye alikuwa ameinama miguuni pangu, na sikusema.

Alhamisi, 15 Agosti

Kupalizwa Bikira Maria. Padri amekuja na komunyo ya wagonjwa. Kijana, mikono laini, ana haraka. Ameniungamisha. Nimempa dhambi za kawaida, hasira kwa Skola, uvivu wa sala. Akauliza kama nina kinyongo na mtu yeyote.

"Sina, Padri."

Alikuwa tayari ameinua mkono wa kuniondolea dhambi.

Komunyo ilikwama kooni kama kile kidonge kikubwa. Skola akaleta maji.

Baada ya padri kuondoka nilikaa nikitazama ukuta. Sikuwaza mbingu wala moto. Niliwaza gurudumu la nyuma likifunga kwenye lami, na mwanamke anayejua kupima masikio ya paka. Na kijana nyuma yake amevaa joho.

Nimemtuma Skola kwa Salumu. Aje kesho.

Ijumaa, 16 Agosti

Alikuja ameshika mfuko wa tende, akaketi kitandani kwangu bila ruhusa.

Nikamwambia wazi. Kamshafti niliyokupa siyo. Ni ya mashindano. Valvu itagonga pistoni, injini itafunga, binti yako atakufa na mjukuu wako atakufa. Itoe. Weka ya kwanza, ile yenye mgongo wa kobe.

Alitafuna tende moja. Halafu akaanza kucheka. Polepole, mabega kwanza.

"Pagazi wewe ni hatari. Umelala kitandani na bado unanitia jasho."

Nikasema sitanii.

"Na mimi sitanii. Mahari nimeitoa kwa utani. Ng'ombe nimewachinja kwa utani."

Nikasema weka donge la unga, uone mwenyewe. Hilo ndilo lililommaliza. Akajipiga mapaja.

"Aa! Leo wewe ndiye unataka chapati za oili?"

Skola akacheka. Nikampigia kelele Skola anyamaze, wakacheka zaidi wote wawili. Nikashika kanzu yake. Akainyofoa kwa upole, akanivua kofia, akaivaa, akatoka nayo akiiga sauti yangu. "Itafunga! Itafunga!" Nilimsikia akiwasimulia watu barabarani. Nao walicheka.

Miaka yote hii hatukuwahi kuambiana neno moja la kweli. Leo nimelileta, halina pa kuingilia.

Nilimwambia Skola ampigie Mwanaidi. Mwanaidi akasema: "Mwambie Mwalimu baba ameshanisimulia, nimecheka sana."

Jumamosi, 17 Agosti

Asubuhi nimekwenda mwenyewe. Skola alikataa. Nikaanza kutambaa kuelekea mlangoni, akaita bajaji akilia.

Ng'ambo, uani kwa Salumu. Turubai limefungwa. Wanawake wanachambua mchele kwenye nyungo, masufuria makubwa yamepinduliwa kukauka. Pikipiki katikati, imeng'arishwa, imefungwa riboni nyeupe kwenye usukani. Mwanaidi alikuwa anaongeza upepo gurudumu la mbele. Waliponiona nashushwa walipiga vigelegele. Mtani amekuja kuharibu harusi. Mmoja akaniwekea kiti katikati ya uwanja kama mchekeshaji.

Salumu akatoka na kofia yangu kichwani.

Nikasema mbele ya wote niliyoyasema jana. Wakacheka. Nikasema tena. Wakacheka wakisubiri mwisho wake. Mwanamke mmoja akasema mzee huyu akifa Tabora itakuwa kavu. Nilikosa pumzi, nikakohoa, na Salumu, kwa mazoea tu, nadhani hata hakufikiri, akaweka mkono kiunoni na kukohoa pamoja nami.

Mawili mafupi, moja refu.

Hapo nikasema. Sikupandisha sauti, sauti sina.

"Ulivaa kitenge cha Perpetua. Ulikohoa hivyo hivyo. Nilicheka kwa sababu ilinibidi. Tangu siku ile nakuchukia, Salumu. Kila ulipoingia kwangu nilikuchukia. Nimekupa kamshafti mbovu nikijua, ili uaibike. Sikujua atapanda Mwanaidi. Lakini wewe ungepanda, ningekuacha."

Mwanamke mmoja alianza kucheka akaacha. Nyungo zilisimama. Salumu alibaki na mkono kiunoni, kama amesahau kuutoa.

"Ulinipa mkono siku ile," akasema.

"Nilikupa."

"Ukacheka."

"Nilicheka."

Akavua kofia yangu. Hakunirushia, hakunipa. Aliiweka juu ya sufuria. Kisha akamwambia Mwanaidi, bila kunitazama: "Leta spana. Na unga." Mwanaidi hakusogea. Alikuwa ananiangalia mimi. Nimezoea kuangaliwa na macho yale yakiwa na tabasamu, leo hayakuwa nalo. Halafu akainuka, akaanza kufungua zile riboni, moja moja, na kuzikunja.

Hakuna aliyenifukuza. Hakuna aliyenisaidia kuingia kwenye bajaji isipokuwa Skola.

Sijapata nafuu yoyote. Wanaosema ukiungama unapata nafuu waje wanione.

Jumapili, 18 Agosti

Sikulala vizuri. Uvimbe wa miguu umefika mapajani.

Nilimwambia Skola anitoe nje mapema, kiti kwenye kibaraza. Akanitoa. Upepo wa Agosti, vumbi jekundu, mbwa wa jirani.

Walikuja jua likiwa limepanda kidogo. Nilifumba macho yote mawili. Kwanza honi za magari, mbali. Halafu ikaja yenyewe. Tup. Tup. Tup. Polepole, sawasawa, kila pigo mahali pake, hakuna kujikwaa. Mgongo wa kobe. Sauti ile ile niliyoisikia utotoni baba yake Salumu akipita njia hii, nasi tukikimbia nyuma ya vumbi.

Nilipofumbua macho walikuwa mbele yangu. Mwanaidi amenyoosha mgongo, kijana nyuma yake amevaa joho, ameshika kilemba kisiruke. Hakugeuka. Nilikuwa nimeinua mkono. Gari la pili Salumu alikuwa kiti cha mbele. Naye alitazama mbele.

Msafara wote ulipita. Nilihesabu vioo, kila kimoja kilikuwa na mtu aliyenitambua.

Nilishusha mkono.

Jumatatu, 19 Agosti

Skola amezungumza. Alikuwa ananikanda miguu, akasema bila kuinua kichwa:

"Baba, sanduku la mama nilimfungulia mimi."

Nikauliza sanduku gani.

"Siku ya msiba. Mjomba Salumu aliniomba nguo, nikampa kitenge, nikampa na miwani. Nilikuwa sijaweza kupumua tangu usiku ule mama alipokata roho. Alipotoka akikohoa vile ndipo nilipopumua. Nilimwona mama. Nilimwona kabisa."

Nikamwambia aondoke. Akaondoka. Nikamwita arudi amalizie mguu wa pili, akarudi.

Simsamehe Salumu. Nimemwambia ukweli ili asiue mtu, sikumpelekea msamaha. Nilidhani mambo hayo mawili huja pamoja. Hayaji.

Lakini Skola alimwona, na mimi sikumwona. Hili sijui niliweke wapi.

Jumatano, 21 Agosti

Pumzi fupi. Mito mitatu. Wamerudi toka Kaliua salama, Skola amesikia sokoni. Pikipiki haikuzima hata mara moja. Mjini habari ni moja tu. Hawacheki. Bodaboda wa pale mbele, waliokuwa wananiita "Pagazi" wakifuata mdomo wa Salumu, leo wamemwamkia Skola kwa adabu na kumpa pole ya mgonjwa.

Pole ya adabu. Mbaya kuliko tusi.

Nimejaribu kumtukana Salumu peke yangu, kwa sauti, kuona kama bado najua. Yamekuja maneno mawili matatu. Yameanguka chini.

Alhamisi, 22 Agosti

Amekuja. Amebisha hodi. Miaka yote hiyo hakuwahi kubisha.

Alisubiri mpaka Skola alipomkaribisha. Akaingia, amevaa shati, kofia yangu mkononi. Akasimama hatua kadhaa toka kitandani.

"Shikamoo, Mwalimu."

Mimi ni mkubwa wake kwa miaka kadhaa. Hajawahi kunipa shikamoo katika maisha yake. Mtani hatoi.

"Marahaba," nikasema. 

Akaniuliza hali. Nikasema namshukuru Mungu. Nikamuuliza harusi. Akasema imepita salama. Tulikuwa kama watu wawili wanaosubiri treni.

Akaiweka kofia mezani. Kando yake akaweka kitu kilichofungwa kitambaa. Akaniombea afya njema. Akatoka, akaufunga mlango taratibu usigonge.

Skola alikifungua. Ni donge la unga, limekauka, limepata rangi ya oili. Juu yake kuna alama ya valvu, mwezi mwembamba. Nililiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pale katikati ya alama, mwanga ulipita.

Nimemwambia Skola aliache palepale. Sisimizi wameshalijua.

Jioni nimemwomba jambo moja zaidi. Atoe koti langu sandukuni, lile la kahawia la kufundishia, alitundike kwenye msumari kando ya mlango. Na kofia juu yake. Na fimbo. Miwani nitaivua mwisho, ataiweka mfukoni mwa koti.

Ameuliza ya nini.

Nimesema mtu akija siku ya msiba wangu asihangaike kutafuta nguo.

Hakucheka. Ametundika, amenyoosha kola, amerudi nyuma kuangalia kama limekaa sawa.